YAH: Malalamiko ya kuuziwa Mercedes E280 yenye injini mbovu na kudhalilishwa ofisini kwenu

Kirumba,
Mwanza.

Meneja Mkuu,
Yadi ya Magari,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba barua hii uisome wewe mwenyewe. Ile ya kwanza niliiacha mapokezi, haijajibiwa, na ujumbe wa simu naona umesomwa, kimya. Faili la gari mnalo. Mkataba upo, fomu ya dhamana ya miezi 3 ya injini na gia boksi ipo, ina muhuri wenu. Sina haja ya kuwaeleza yaliyomo, mliyaandika ninyi.

Nalalamika kwamba mliniuzia injini mliyojua ina kasoro, na nilipoirudisha ndani ya muda wa dhamana, kijana wenu wa mauzo akanidhalilisha mbele za watu.

Kuhusu injini. Taa iliwaka nikiwa natokea Magu. Baada ya hapo gari likawa linatetemeka kila likisimama kwenye foleni ya Mabatini, na kilima cha Bugando linapanda kwa shida kama limebeba mizigo, na ndani niko mimi peke yangu. Fundi wangu wa Nyakato akachomeka mashine ya kusoma hitilafu. Zikatoka kodi mbili, yaani namba za hitilafu, zote za kemshafti (shafti zinazofungua valvu) za upande wa kulia, kwamba hazikai sawa na kranki, shafti kuu ya injini. Akazifuta, akaliendesha mpaka Igoma na kurudi, zikarudi zilezile.

Injini hiyo ni M272, V6 ya lita 3.0. Ndani yake kuna shafti ya mizani, ya kupunguza mtetemo, inayozungushwa na cheni ileile ya taiming, inayolinganisha mwendo wa kranki na kemshafti, na kwenye injini za matoleo ya mwanzo gia ya shafti hiyo ilitengenezwa kwa chuma laini. Meno yanalika taratibu, cheni inahama mkao wake, taiming ya upande mmoja inachelewa, taa inawaka. Gia yenyewe ni ndogo, lakini kuibadilisha lazima injini yote ishushwe. Gharama iko kwenye kazi, na fundi akinitajia bei ya chini ujue hajaifungua kweli. Mercedes-Benz wenyewe walikuja kuibadilisha gia hiyo, na injini zinazohusika zinajulikana: ni zile ambazo tarakimu 6 za mwisho za namba ya injini ziko chini ya 468993. Marekani wenye magari walifika mpaka mahakamani kwa ajili ya gia hii. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Yangu, zile sita za mwisho zinaanza na 38.

Kwa hiyo mtu anayeagiza magari haya Japani kila mara anaweza kuisoma namba hiyo kabla hajalipa hata shilingi. Ninyi mnaagiza kila mara.

Na siku ya kununua, pembeni ya gari langu palikuwa na E240 ya mwaka 2004, bodi ileile, rangi ya fedha. Hiyo ina injini ya zamani zaidi, M112. Nayo ina shafti ya mizani, lakini gia yake haina ugonjwa huu, na mafundi wote wa Wajerumani hapa mjini watakwambia ukiiwekea oili inayotakiwa itakuzika. Itavuja oili kwenye vifuniko vya valvu, basi, gasketi hizo si za kumfilisi mtu. Mdogo wangu ambaye ni dereva alimuuliza kijana wenu waziwazi: kati ya hizi mbili, ipi yenye injini ya kuaminika? Akajibu: "Injini ni ileile, hii ni mpya zaidi na ina nguvu." Tukaomba tulete fundi na mashine yake. Akasema gari limeshapimwa na yadi hairuhusu mtu wa nje kuchomeka kitu. Akatupa karatasi yenu iliyoandikwa "Injini: nzuri". Ninayo. Ninayo pia picha ya stika ya sevisi mliyoibandika chini ya boneti, inaonyesha mmetia oili ya 20W-50, oili nzito, kwenye injini inayotaka sintetiki nyepesi ya 5W-40. Fundi alipoiona alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza: "Mama, hawa wanajua walichofanya?"

Nilikuja ofisini kwenu Jumatatu asubuhi na karatasi ya zile kodi. Kijana wenu ni wa umri wa mwanangu wa pili. Hakuniamkia. Akaisoma karatasi akiwa amekaa, akasema ni mafuta machafu ya vituo vya hapa mjini, nitie dawa kwenye tanki, na kama taa inanisumbua wataifuta. Nikamwambia mafuta hayafiki kwenye gia ile, ile inaogelea kwenye oili. Akacheka. Akasema: "Mama, hili si gari la mtu wa Mwaloni. Mlete baba tuongee naye." Palikuwa na wateja wawili na binti wa mapokezi, wote wakasikia.

Baba yupi? Kadi ya gari ina jina langu. Shilingi 27,000,000 zilitoka kwenye akaunti yangu, na fedha hiyo ni ya dagaa, gunia kwa gunia. Ndiyo, mimi ni mtu wa Mwaloni, soko la dagaa. Mteja wangu wa Kongo akifungua gunia akakuta mchanga, nampa gunia lingine na nauli ya kulirudisha lile, wala simuulizi mumewe yuko wapi. Ndivyo biashara inavyofanywa pale ambapo kijana wenu anapadharau.

Mpaka sasa gari limelala gereji Nyakato. Safari za Musoma nakodi Noah. Na kabla sijasahau, kabla hata taa haijawaka, wiki ileile niliyolichukua, nilipiga simu kwamba linatetemeka asubuhi likiwashwa. Mkasema ni baridi ya ziwa. Simu hiyo ilipokewa na huyohuyo kijana.

Narudi kwenye ile Jumatatu kwa sababu hapo juu sikuisema yote, mkono uligoma. Nilipokuwa nakaa kwenye kiti, kabla hajaipokea karatasi, alinyoosha mkono nyuma yake kwenye rafu mnapouzia pafyumu za magari. Akachukua kopo la kupuliza. Akapuliza juu ya meza, kisha akaligeuzia upande wangu akapuliza tena, nikaona matone yanatua kwenye mtandio wangu, mengine yakaniingia machoni. Halafu akaliweka kopo mezani katikati yetu, akaanza kusoma. Nilikuwa nimeoga. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha kanisani kwa sababu nilikuwa nakuja ofisini kwa watu. Na hata ningekuwa nimetoka moja kwa moja kwenye vichanja, mikono hiyohiyo ndiyo iliyotia saini mkataba wenu mkaipokea kwa kuishika mikono miwili. Binti wa mapokezi aliinamisha kichwa. Mteja mmoja, mzee mwenye balaghashia, baadaye alitoka nje bila kuaga. Alipomaliza kusoma ndipo kijana wenu akasema lile la "mlete baba", na alilisema kwa sauti ili litufikie wote.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikuwa naomba jambo moja: mshushe injini, mfunge shafti na gia mpya ya toleo lililorekebishwa pamoja na cheni mpya, kwa gharama zenu, wala si injini nyingine iliyotumika kutoka Dar yenye namba iliyo chini ya hiyohiyo 468993. Sasa nasema hiyo haitoshi. Sitaki tena gari hilo. Nataka 27,000,000 zangu zote, gharama za fundi, na fedha niliyokodia magari mengine, risiti nimeambatanisha. Nataka kijana huyo aniombe radhi ofisini palepale, wewe ukiwepo na binti wa mapokezi akiwepo.

Na kwenye yadi yenu bado kuna E280 nyingine nyeusi, na C180 Kompressor mbili, ambazo cheni zake za taiming zina sifa ya kuvutika. Bandikeni namba ya injini kwenye kioo cha kila gari, na ruhusuni mnunuzi alete fundi na mashine. Hizo E za kabla ya marekebisho ya mwaka 2006 zina pampu ya breki za umeme, SBC, ambayo Mercedes wenyewe waliiondoa kwenye toleo lililofuata. Mwambieni mnunuzi hilo pia, maana hizo ni breki.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na karatasi yenu ya "Injini: nzuri" itakuwa ya kwanza mezani. Wakili wangu ameshaniambia kuhusu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Na gari litavutwa kwa kamba kutoka Nyakato lije lisimame mbele ya geti lenu siku ya Jumamosi, siku mnayopata wateja wengi, na nitakaa pembeni yake na karatasi ya fundi mkononi nikimweleza kila anayeingia kilichomo ndani ya injini hiyo.

Mteja wenu,
(saini)

Viambatanisho: nakala ya kadi ya gari, karatasi ya kodi, picha ya stika ya oili, fomu ya dhamana, risiti.

Nakala: Tume ya Ushindani (FCC), itapelekwa siku ya 15.