Barua kwa mwanangu aliyepangiwa wodi ya vichanga

Mwanangu Neema,

Chuoni mmefundishwa dakika ya kwanza ya kichanga asiyelia: kumkausha, kumsugua mgongo, kumpulizia hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubinya kwa mkono wenye barakoa. Dakika zinazofuata akishafia mikononi mwako hamkufundishwa, basi nakuandikia hizo.

Ukishakaa na mama yake na kumaliza ya lazima, usikimbilie kitanda cha pili. Mwombe mwenzako akushikie wodi dakika 10. Vua glavu, nawa, kunywa maji, keti. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, mara sita. Ni dakika moja tu. Moyo hupunguza mbio wakati wa kutoa pumzi, kwa hiyo hapo usiharakishe. Ndipo ujaze faili. Ukijaza mikono ikitetemeka utakosea saa au dozi, na kosa hilo litakukosesha usingizi siku nyingi.

Jambo kama hili likimpata mwenzako, mwulize kilivyotokea kwa mpangilio: nani aliita, saa ngapi, kikafuata nini. Hisia zitakuja zenyewe. Asipotaka kusema, mwache. Wapo mainchaji, wale wauguzi wasimamizi wa wodi, wanaokusanya zamu nzima na kumlazimisha kila mmoja aeleze alivyoumia. Nia yao njema, lakini Shirika la Afya Duniani halishauri njia hiyo. Haizuii madhara ya baadaye, na wengine huwatonesha kidonda.

Ukilia, lia. Ninachokiogopa ni ganzi, nayo huanzia kwenye ulimi. Mama mwenye jina lake anageuka "yule wa namba nane". Akiuliza mara ya tatu kama mwanawe amenyonya, anajibiwa "si nimeshakwambia?" Watu wanalalamika kwamba manesi wana kauli chafu, na hawajakosea, ila ukali mwingi wa wodini ni uchovu uliokomaa. Mwaka 2019 Shirika hilohilo liliutaja uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kazi yako haina tija. Kwa hiyo ukijisikia unafoka, kabla hujailaumu tabia yako, hesabu umekesha zamu ngapi mfululizo. Kisha mwone inchaji kabla ratiba ya mwezi haijabandikwa. Ikishabandikwa, nafuu yako itakuwa mzigo wa mwenzako, na utaona haya kuomba.

Zamu ya usiku, chai ya mwisho iwe saa nane. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha alfajiri utalala nacho. Pombe hukulaza upesi, ikakuamsha baada ya saa chache. Na diazepamu, ile dawa ya kutuliza na kulaza, ya kabati la wodi usiiguse, hata nusu kidonge. Wauguzi hodari wamepotelea hapo, tena walianza kwa kutafuta usingizi tu.

Picha za wodini zikikurudia zaidi ya mwezi, au huzuni ikikukaa wiki mbili bila kuondoka, nenda kliniki ya afya ya akili. Chagua hospitali nyingine kama hutaki faili lako lipite mikononi mwa wenzako. Ukiwaza kujidhuru, nipigie saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, na usibaki peke yako.

Nimekutumia mfuko wa kitambaa wa kuwekea sare. Ivulie hukohuko kazini, ukapande daladala na nguo zako.

Mama yako