Barua ya kufunga muhula: grafu za Darasa la Nne

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Habari za nyumbani. Tunafunga muhula wa kwanza salama, tunamshukuru Mungu. Ripoti ya mwanao, tarehe ya kufungua shule na salio la mchango wa chakula vimo kwenye bahasha hii. Ninalotaka kukueleza ni lile daftari lenye mihimili ya rangi analokuja nalo mtoto wa Darasa la Nne.

Mwaka jana watoto wetu walichora grafu za mihimili vizuri, kwa rula, lakini ukiwauliza inasema nini, kimya. Namba za kitabuni hazikuwahusu. Safari hii wamehesabu wenyewe wanyama wa hapa Dodoma mjini: kunguru wa kifua cheupe kwenye shimo la taka, shorewanda chini ya bati, mijusi ukutani, na pimbi wanaoota jua kwenye mawe ya kilimani. Kila mnyama kijiti kimoja kilichochorwa daftarini. Cha tano kinalazwa juu ya wenzake.

Kilichotusumbua ni skeli, yaani chumba kimoja cha grafu kinasimama badala ya wanyama wangapi. Mhimili wa kunguru ulipanda vyumba vinne, karibu darasa zima likajibu, "Kunguru wanne!" Kumbe kila chumba ni kunguru watano. Tukatoka tena nje, tukapanga kokoto tano tano mpaka ishirini ikaonekana kwa macho.

Tulikuwa tukihesabu asubuhi na mchana, kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa wa mchana si ndio wale wale wa asubuhi?" Nilifurahi mno. Tangu hapo wanahesabu mara moja tu kwa siku, saa moja asubuhi. Saa hiyo inawafaa hata pimbi, maana grafu ya mchana ilionyesha hakuna hata mmoja na watoto wakadhani wamehama, ilhali jua likiwaka wanajificha kwenye mianya ya mawe.

Likizo hii, nakuomba umpe mtoto dakika kumi ahesabu ndege wa uani na kuwachorea grafu. Muulize mhimili upi mrefu, umeuzidi wa pili kwa ngapi, na kwa nini. Usiwahi kumjibia, mwache aguse mhimili kwa kidole, afikiri. Manati tafadhali yasitumike, wala asiingize mkono kwenye mianya ya mawe, nyoka wapo.

Siku ya kufungua aje na daftari. Ukuta wa nyuma wa darasa tumeuacha wazi kwa ajili ya grafu zao.

Wako katika malezi,
Mwalimu Mkuu