Kuvaa Kiatu cha Mwenzako Si Kutembea Kama Yeye

Sisi hufunga ndani ya buti za wafanyakazi soli zenye vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupimia, ili mahudhurio ya kazini yaandikwe kwa kumtambua mtu kwa mwendo wake. Swali tunaloulizwa zaidi na wenye maghala ya Shimanzi na Changamwe, mjini Mombasa, ni hili: ikiwa kihisi kimo ndani ya kiatu, ni nini kitakachomzuia Juma kuvaa buti za Hamisi na kumwandikisha kazini ilhali Hamisi bado amelala kwake Likoni? Ni swali la haki, kwa kuwa kadi za mahudhurio zimewafunza wengi kwamba mashine huandika kadi iliyopitishwa, bila kujua aliyeipitisha. Mashine ya alama za vidole nayo, iliyotarajiwa kuondoa udanganyifu huo, huwakwaza wachapakazi hasa: mpakiaji aliyebeba saruji miaka mingi, hata mistari ya vidole vyake ikalika, hubonyeza mara tatu au nne huku foleni ikirefuka nyuma yake.

Kihisi chetu hakisomi kiatu ni cha nani, bali namna aliyekivaa anavyotembea. Waliolelewa katika nyumba za ghorofa za Mji wa Kale wanalifahamu jambo hili, kwani mgeni aliyezoeleka hujulikana kwa vishindo vyake ngazini kabla hajapiga hodi. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, James Cutting na Lynn Kozlowski, walionyesha kwamba watu waliweza kuwatambua rafiki zao kwa kutazama nukta za mwanga tu zilizowekwa kwenye viungo vya mtu anayetembea, pasipo uso wala mavazi. Hawakupatia kila mara, ila walipatia zaidi ya anayebahatisha.

Ndani ya soli tunaweka vihisi vya shinikizo, vinavyofuata uzito wa mwili tangu kisigino kinapotua hadi kidole gumba kinaposukuma ardhi, pamoja na kihisi kidogo kinachopima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, na mzunguko wa mguu mara 100 kwa sekunde. Kwa mtu mzima mwenye afya, kila mguu hukaa chini kwa takriban asilimia 60 ya muda wa mzunguko wa mwendo, yaani tangu mguu utue hadi utue tena, na asilimia 40 iliyobaki huwa hewani. Hilo ni la watu wote. Upekee umo katika mambo madogo zaidi, kama vile kisigino kinavyotua kwa upole au kwa kishindo, uzito unavyoegemea ukingo wa nje wa wayo, na mguu wa kulia unavyotofautiana na wa kushoto. Programu hulinganisha hatua kadhaa, si moja, na kielelezo alichosajiliwa nacho mfanyakazi.

Kwa hiyo Juma akivaa buti za Hamisi hatasomwa kuwa Hamisi. Lakini, na hapa tunaomba wateja watusikilize kwa makini, huenda Juma asitambuliwe hata kuwa Juma, kwa sababu kiatu kisichomwenea humharibia mwendo. Gunia begani, kidonda cha unyayo, uchovu wa zamu ya usiku au sakafu iliyolowa maji, kila kimoja hubadilisha hatua. Ndiyo maana tunamsajili mtu kwa siku tofauti, mikono mitupu na akiwa amebeba mzigo, na ndiyo maana tulimkatalia mteja mmoja aliyetaka mashine ikate ujira yenyewe. Asiyetambuliwa aende kwa nyapara, atazamwe usoni, aandikwe kwa mkono. Hatufungi mtambo pasipo sharti hilo.

Lipo pia jambo la siri ya mwili. Mwendo huweza kudokeza maumivu ya goti, au hata dalili za ugonjwa wa Parkinson, ambazo mwenyewe hajamwambia mtu yeyote, sembuse mwajiri wake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za kibayometria, yaani za kumtambua mtu kwa mwili wake, kuwa data nyeti, nasi tunaona ni sawa kabisa. Mwajiri hupokea jina na saa ya kuingia, basi. Vipimo vya hatua hufutwa mara ulinganisho unapokamilika. Kila mfanyakazi huelezwa haya kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi, na asiyeridhia huendelea kutumia daftari la langoni bila kusumbuliwa. Soli zenyewe hazitoki nje ya lango: jioni hutolewa kwenye buti na kubaki rafuni, zikichajiwa, na mwenye miguu huenda zake bila kufuatwa.