Daktari akipewa uwaziri, udaktari huuacha mlangoni

Mhariri,

Baraza la mawaziri likitangazwa, hapa Soko la Mbuyuni, Moshi, neno huwa lilelile: Wizara ya Afya apewe daktari. Mimi nimevaa sare ya uuguzi miaka 31 hadi nikastaafu, na siafiki.

Mtazameni Dk. Dorothy Gwajima. Ni daktari hasa, na kabla ya hapo alikuwa Naibu Katibu Mkuu TAMISEMI (ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) upande wa afya, kwa hiyo zahanati zetu alizijua. Akawa Waziri wa Afya Desemba 2020; Januari 2022 akahamishiwa Maendeleo ya Jamii. Miezi 13 tu! Februari 2021 tulimwona kwenye televisheni na tangawizi, vitunguu na malimao, akisema wizara haina mpango wa kupokea chanjo ya korona. Kwetu Pasua mwarobaini ulikwanyuliwa kwa ajili ya nyungu, yaani kujifukiza, hadi miti ikabaki vijiti. Julai mwaka huohuo, Rais akiwa mwingine, waziri yuleyule alikuwa uwanja wa ndege Dar es Salaam kupokea dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson.

Simcheki. Shahada yake ilikuwa ileile Februari na Julai. Waziri husema la serikali, la sivyo aachie kiti.

Na kiti chenyewe kina mipaka. Muuguzi wa zahanati ya kata ni wa halmashauri, yaani TAMISEMI. Waziri wa Afya ana sera, hospitali za rufaa kama Mawenzi, na Bohari ya Dawa. Dawa ikikosekana zahanati, mpira hurushwa huku na kule, mgonjwa yuko kwenye benchi. Hapo anatakiwa mtu wa kubanana na Hazina, tena akae. Ummy Mwalimu, mwanasheria, alikaa miaka 5 mfululizo kabla ya Gwajima. Si kila alichofanya nilikipenda (sisi manesi hatupendi mengi), lakini agizo alilotoa, yeye mwenyewe alikuwapo kuuliza limefikia wapi.

Daktari ninayemtaka mbele ya kamera kipindupindu kikiingia ni Mganga Mkuu wa Serikali, aseme la kitaalamu bila kugeuka kuangalia nani kasimama nyuma yake. Wabunge wetu wa Kilimanjaro wapeleke hoja ya kumlinda huyo kisheria, asiondolewe kwa sababu ya kusema alichokiona maabara. Uwaziri wampe wanayemtaka.

Muuguzi mstaafu,
Pasua, Moshi