Kompyuta za dukani zinapobishana saa

Mteja wetu mmoja wa duka la vipuri alitupigia akitaka tumsaidie kumnasa karani wake. Ripoti ilionyesha plagi za pikipiki zimeuzwa kaunta saa 10:04, ilhali stoo ilizitoa saa 10:09. Mzigo unauzwaje kabla haujatoka stoo? Yeye alishahukumu: karani anaingiza mali yake na kuiuzia humo humo.

Tulianza kwa kuweka simu pembeni ya kioo cha kila kompyuta. Ya kaunta ilikwenda sawa na simu. Ya stoo ilikuwa mbele dakika saba. Kumbe plagi zilitoka saa 10:02, zikauzwa dakika mbili baadaye.

Saa ya kompyuta huendeshwa na kipande kidogo cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, kama kilichomo kwenye saa nyingi za mkononi. Kukosea sehemu 20 katika milioni kwake ni kawaida, yaani kama sekunde 1.7 kwa siku. Mashine ile ya stoo haikuwahi kuonja intaneti tangu ianze kutumika, miezi minane. Piga hesabu, utafika dakika saba.

Hata ndani ya kompyuta moja ugomvi huu upo. Kila kiini cha prosesa kina kihesabio chake cha kupimia muda, na kwenye prosesa za Athlon 64 X2 za mwaka 2005 vihesabio hivyo viliachana, hadi programu ikiuliza saa mara mbili inaweza kuona muda umerudi nyuma. Prosesa za sasa zimetulia, ingawa mfumo endeshi wa Linux bado huzikagua. Ikitilia shaka kihesabio, hukiacha na kutumia saa nyingine, ya polepole.

Dawa ya kompyuta nyingi ni itifaki ya NTP, yaani utaratibu wa kompyuta kuulizana saa, aliyoibuni Mmarekani David Mills na kuichapisha mwaka 1985. Kompyuta huuliza saa, kisha hupima jibu limetumia muda gani njiani, kwa kudhani kwenda na kurudi ni sawa. Bando likielemewa, kwenda na kurudi havilingani, na hapo makosa huingia. Ndiyo maana hatuachi kila mashine ijitafutie saa nje. Seva ya duka ndiyo huuliza intaneti, nyingine zote huiuliza seva. Mtandao ukikatika siku mbili, afadhali zikosee pamoja. Mpangilio wa risiti hautavurugika.

Pale stoo hatukurudisha saa nyuma mchana. Ungerudisha dakika saba watu wakiuza, dakika hizo zingejirudia na ripoti ingechafuka upya. Tulingoja wafunge.

Kuna kesi mbili ambazo hazihitaji safari yetu. Tarehe ikirudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, na tovuti ya benki ikilalamika kuhusu cheti cha usalama, betri ya kidonge ya CR2032 imekufa, nunua nyingine. Kosa likiwa saa tatu kamili kwenye mashine yenye Windows na Linux pamoja, betri ni nzima: Windows huweka saa ya hapa, Linux saa ya UTC, ile ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu.

Kwa mengine, leo jioni pita na simu yako mashine hadi mashine, andika tofauti kwa sekunde kwenye karatasi, usirekebishe chochote, kisha tupigie na hiyo karatasi mkononi.