Miwani ya uhalisia pepe: pima sebule kabla ya kuuliza bei

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni kuhusu jambo ambalo wateja wangu hapa Tabata, ambako ninafanya kazi ya ufundi wa kompyuta, wameanza kuniuliza mara kwa mara: je, miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukufanya uone kama umo ndani ya gemu, aina ya inayojitegemea, inafaa kununuliwa na mtu ambaye shabaha yake ni kucheza gemu? Jibu langu ni kwamba inawafaa wachache. Fedha ni sharti mojawapo, lakini mara nyingi kinachoamua ni ukubwa wa sakafu aliyonayo mtu nyumbani na aina ya gemu anazozipenda.

Kwanza tuelewane kuhusu bidhaa yenyewe, kwa sababu sokoni kuna mchanganyiko unaowaumiza wanunuzi. Miwani inayojitegemea ni ile yenye prosesa (ubongo wa kompyuta), skrini, spika na betri ndani yake, pamoja na kamera za nje zinazofuatilia mahali ulipo chumbani, hivyo haihitaji kompyuta wala televisheni. Ukipiga hatua mbele, unasogea pia ndani ya gemu. Ukiinama, unaona kilichopo chini ya meza. Ni tofauti kabisa na yale maboksi ya plastiki ya bei ya chini yanayouzwa Kariakoo, ambayo unatumbukiza simu yako nyuma ya lenzi mbili. Boksi la namna hiyo hufuata tu unavyogeuza kichwa, wala halitambui kwamba umesogea, na kijana aliyelinunua akidhani amepata uhalisia pepe hulisahau kabatini mapema sana. Sisemi kwamba wauzaji wanadanganya, ila wengi hawaelezi mpaka waulizwe.

Kwa miwani ya kweli, zinazotajwa zaidi ni Quest za Meta, kampuni yenye Facebook. Quest 3 ilitoka Oktoba 2023 kwa bei ya kuanzia dola 499, na Quest 3S ikafuata Oktoba 2024 kwa bei ya kuanzia dola 299. Ukibadilisha kwa shilingi 2,500 hadi 2,700 kwa dola, hiyo ya bei nafuu inafika takriban shilingi 750,000 hadi 810,000, nayo ilikuwa bei ya Marekani ilipotoka, kabla ya usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka. Anayesoma bei hiyo mtandaoni kisha akaenda dukani na hesabu hiyohiyo mfukoni ajiandae kurudi mikono mitupu.

Kati ya hizo mbili, mchezaji wa gemu hana sababu kubwa ya kulipia ile ya ghali. Zote zina prosesa ya aina moja, Snapdragon XR2 Gen 2, na zote zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, kwa hiyo gemu zinazochezeka kwenye moja huchezeka kwenye nyingine. Tofauti kubwa iko machoni: Quest 3 ina lenzi nyembamba zinazoonyesha vizuri hadi pembeni na pikseli (nukta zinazounda picha) 2064 kwa 2208 kwa kila jicho, ilhali 3S inatumia lenzi za mtindo wa zamani na pikseli 1832 kwa 1920. Mtu anayetaka kutazama filamu au kusoma maandishi madogo ataithamini tofauti hiyo. Anayepambana na maadui hatakuwa na muda wa kuichunguza, na fedha atakazookoa zitamnunulia gemu kadhaa.

Sasa nirudi kwenye sakafu, maana hapa ndipo ushauri wa wenzetu wa ughaibuni unapopishana na maisha yetu. Meta inashauri nafasi tupu ya takriban mita 2 kwa mita 2 kwa gemu za kusimama na kutembea. Katika chumba kimoja cha kupanga, chenye kitanda, kabati, jiko la gesi na ndoo za maji, nafasi hiyo haipo, na hata mwenye chumba na sebule itambidi asogeze kochi na meza ya kioo kila anapotaka kucheza. Ninaowafahamu ambao miwani zao sasa zinakula vumbi, wengi walichoshwa na kazi hiyo ya kusogeza vitu kuliko walivyochoshwa na gemu zenyewe. Halafu kuna pangaboi. Miwani hukuwezesha kuchora mpaka sakafuni na kukuonya unapoukaribia, lakini mpaka huo haukukingi na panga zinazozunguka juu yako, na gemu kama Beat Saber, ambayo mchezaji hukata vibweta kwa mapigo ya muziki, humfanya mtu mrefu arushe mikono juu bila kufikiri. Katika nyumba zetu zenye dari la chini, pangaboi lizimwe kabla ya kuvaa miwani, na feni ya kusimama iwekwe pembeni. Ule upepo unaotoka upande mmoja humsaidia hata mchezaji kujua ameelekea wapi.

Wapo watakaosema watatoka uani. Wasithubutu mchana. Mwanga wa jua ukipenya kwenye lenzi huweza kuunguza skrini ndani ya muda mfupi sana, na hasara hiyo kwa kawaida haimo katika dhamana. Hata ndani ya nyumba, miwani isiachwe dirishani ikitazama jua la alasiri.

Kuhusu gemu zenyewe, niseme wazi kwamba kijana wa Dar es Salaam ambaye starehe yake ni mpira wa PlayStation hatapata anachokitafuta. Gemu kubwa za mpira alizozizoea hazipo katika duka la Quest, na zaidi ya hapo, utamu wa banda la gemu ni wale wanaosubiri zamu wakikejeli na kushangilia. Miwani huvaliwa na mtu mmoja. Picha yake inaweza kurushwa kwenye simu au televisheni kupitia Wi-Fi, jambo linalopunguza upweke, lakini kwa familia yenye watoto wanne ninaona pedi mbili na televisheni bado zinashinda. Miwani humfaa anayependa gemu za kutumia mwili, kama kucheza ngumi, kupiga upanga, kucheza tenisi ya meza au gofu ndogo ya Walkabout Mini Golf, na anayetaka hadithi ya kujitosa ndani yake, kama Batman: Arkham Shadow ya mwaka 2024. Mtu wa aina hiyo hawezi kupata hisia zilezile kwenye televisheni, na huyo simzuii.

Gharama haziishii dukani. Gemu nyingi nzuri huuzwa kati ya dola 10 na 40 kila moja na hulipiwa mtandaoni kwa kadi, ingawa zipo za bure kama Gorilla Tag. Kuna ahueni moja ambayo wengi hawaijui: duka la Meta hupokea maombi ya kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 ikiwa gemu imechezwa kwa chini ya saa 2. Kuiwasha miwani mara ya kwanza kunahitaji akaunti na intaneti, na gemu kubwa kama Asgard's Wrath 2 huzidi GB 30, kiasi ambacho kwa anayetegemea bando la simu ni gharama ya kupigiwa hesabu mapema. Kwa kuwa hakuna mahali pa kuchomeka memori kadi, nafasi uliyonunua ndiyo uliyonayo. Umeme ukikatika si tatizo kubwa. Betri hudumu kwa saa 2 na zaidi kidogo, na mwili wenyewe, chini ya kifaa cha nusu kilo na jasho la Februari, mara nyingi huomba kupumzika kabla ya betri.

Kichefuchefu nacho kisidharauliwe. Macho yakiona unakimbia huku sikio la ndani likihisi umesimama tuli, baadhi ya watu huzidiwa na kizunguzungu. Gemu za kusimama mahali pamoja husumbua kidogo sana, kwa hiyo mgeni aanzie hapo na avue mara anapohisi vibaya. Wazazi wajue pia kwamba Meta imeweka umri wa kuanzia miaka 10, na chini ya 13 akaunti husimamiwa na mzazi.

Kwa wanaofikiria mtumba, wahakikishe muuzaji amefuta akaunti yake na kuirudisha miwani katika hali ya kiwandani mbele ya macho yao, na waiepuke Quest ya kwanza ya mwaka 2019, kwa kuwa Meta ilikwisha kuacha kuiongezea mambo mapya.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vifaa hivi ni kwamba watenge miwani moja ya majaribio na mita 2 za sakafu, ili mteja aivae kwa robo saa kabla ya kulipa. Najua wataogopa jasho na mikwaruzo. Kifuniko cha uso kinachofutika si ghali, na mteja akae kwenye kiti kama nafasi haitoshi. Atakayeshikwa na kichefuchefu atakijua dukani, hajatoa hata shilingi.

Fundi kompyuta,
Tabata, Dar es Salaam