Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwanafunzi wa ubunifu majengo ajenge darasa moja kabla ya kuhitimu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mheshimiwa, salaam nyingi kutoka Tanga.

Mimi ni mbunifu majengo. Nimesoma hapa hapa nchini, kwa mkopo wa serikali ambao bado naendelea kuulipa, na kazi hii naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninaloomba linagusa wizara yako, linagusa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), linagusa vyuo, na linamgusa kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya serikali. Nikilitia kwenye bahasha, nachelea litaishia kwenye faili la ofisi moja.

Ombi lenyewe ni hili: mwanafunzi wa ubunifu majengo asihitimu kabla hajashiriki kujenga darasa moja la shule ya serikali, kuanzia kupima kiwanja mpaka kupaua.

Naomba nikueleze nilikolitoa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipelekwa saiti Muheza. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya familia, vyumba vitatu na sebule, na ramani niliichora mwenyewe. Madirisha niliyaanzisha sentimita 90 kutoka sakafuni, kama nilivyozoea kuchora chuoni. Fundi mkuu, mtu wa umri wa baba yangu, aliitazama ramani kwa muda mrefu kisha akaniita pembeni ili vibarua wasisikie. "Binti yangu," akasema, "tofali letu pamoja na udongo wake ni sentimita 25. Hii 90 yako inakaa kozi ya ngapi?" Akaokota kipande cha mkaa, akapiga mistari ukutani, mmoja kwa kila kozi, yaani kila safu ya tofali. Kozi ya tatu, 75. Kozi ya nne, mita moja. Tisini haikuwepo. Kuipata kulitaka tofali zikatwe moja moja chini ya kila dirisha la nyumba ile, na mwenye nyumba, mama aliyekuwa akijenga kwa fedha za kikoba, alipie tofali nzima pamoja na vipande vya kutupwa. "Ungetuandikia mita moja, kozi nne, saa hizi tungekuwa tunaongea habari za linta," yaani boriti ya juu ya madirisha.

Mheshimiwa, mwaka wa tatu chuoni nilibuni jengo la abiria la kiwanja cha ndege. Nilipata alama nzuri. Hakuna siku hata moja, katika miaka yote ile, niliyoshika tofali.

Simlaumu mwalimu yeyote. Studio ya ubunifu ni mahali ambapo mtu hufunzwa kuona, na mimi nilifunzwa. Mnaingia asubuhi, mnatoka alfajiri ya siku ya pili, vidole vimejaa gundi na michubuko ya kisu cha kukatia kadibodi. Siku ya kuwasilisha unabandika michoro ukutani na walimu wanaikosoa mbele ya wenzako, na pale pale unajifunza kutetea wazo au kuliacha. Humo ndimo nilimojifunza kwamba huku kwetu jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalotesa, kwa hiyo ukuta mrefu wa jengo utazame kaskazini na kusini, na ule mfupi ubebe mashariki na magharibi. Humo nilijifunza kulifuata jengo kwa upepo wake, kaskazi kwa miezi yake na kusi kwa miezi yake. Elimu hiyo ni ya kweli na sitaki ipunguzwe. Ninachosema ni kwamba iliishia kwenye kadibodi.

Nchi hii imetembea mbali hadi kuwa na studio hizo. Beda Amuli, aliyebuni Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, alikwenda kusomea fani hii Haifa, Israel. Pale Dar es Salaam mafunzo yalianza na wapima ardhi huko Mgulani mwaka 1956, kikaja Chuo cha Ardhi mwaka 1972, mwaka 1996 kikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe kama Chuo Kikuu Ardhi. Kwa hiyo leo kijana wa Kigoma au wa Mtwara hahitaji kuvuka bahari ili awe mbunifu majengo. Hilo ni jambo kubwa. Lakini ukimtoa Haifa ukamfungia ndani ya studio ya Dar es Salaam, bado hujamfikisha kijijini kwao.

Kuna mtu mmoja ambaye kila mwanafunzi wetu analijua jina lake. Diébédo Francis Kéré alizaliwa Gando, kijiji cha Burkina Faso, akaenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea ubunifu majengo Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alichangisha fedha akaijengea Gando shule ya msingi, ikakamilika mwaka 2001. Wanakijiji ndio waliojenga. Tofali zilikuwa za udongo wa pale pale uliochanganywa na saruji kidogo. Bati hakuliweka juu ya vichwa vya watoto. Alilinyanyua likae mbali na dari, juu ya kenchi, yaani fremu za paa, zilizochomelewa kwa nondo za kawaida, ili hewa ya moto ipite katikati iende zake. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, moja ya tuzo kubwa kabisa za ubunifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata. Tunamsoma, tunaonyeshwa picha zake ukutani, na tunamaliza chuo bila kuulizwa: Gando yako wewe iko wapi?

Na sisi tunajenga madarasa, Mheshimiwa, tena mengi. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa mara moja, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule mama), kila darasa kwa shilingi milioni 20. Yalijengwa kwa fosi akaunti: halmashauri na shule zinanunua vifaa zenyewe, kamati inasimamia, fundi wa mtaani anajenga. Watu wengi wanaubeza mfumo huu. Mimi nauheshimu, kwa sababu fedha inabaki kijijini na mzazi anaona mfuko wa saruji ulipokwenda. Ila nilijiuliza wakati ule, na bado najiuliza. Madarasa 15,000 yalipokuwa yakiinuka nchi nzima, wanafunzi wetu wa ubunifu majengo walikuwa wapi? Walikuwa studio, wanabuni makumbusho.

Gharama ya hilo naifahamu, maana nililelewa ndani yake. Shule niliyosoma mimi ina darasa ambalo madirisha yake yanatazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana watoto wa safu ya dirishani walikuwa wakiinua madaftari kukinga jua, mkono mmoja unaandika, mwingine umeshika kivuli. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele hadi mwalimu anakaa chini, nasi tunakaa kimya tukisubiri ipite. Masika ya Tanga unayajua. Vipindi vilivyozama chini ya bati lile sikuvihesabu. Darasa lingegeuzwa robo ya mzunguko kabla ya kuchimba msingi, jua lile lisingeingia, na wala isingehitajika hata senti moja zaidi. Kwenye kelele za bati dari ingesaidia, na hiyo ndiyo inayotaka fedha. Kujua lipi ni la bure na lipi ni la fedha ndiyo kazi ya mbunifu, na hakuna aliyekuwepo siku kamba zinavutwa.

Ramani sanifu ya darasa ni jambo jema, inaokoa muda na inazuia wizi. Lakini ramani ile ile haiwezi kujibu Tanga na Makete kwa pamoja. Tanga mtoto anataka upepo umpite. Makete mwezi wa Juni anataka jua limfikie na baridi ibaki nje. Shinyanga kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, sakafu itachanika hata ukiipiga zege zuri kiasi gani, kama msingi haukufikiriwa. Marekebisho haya hayahitaji bingwa kutoka nje. Yanahitaji kijana aliyefundishwa kuona, asimame kiwanjani na futi kamba kabla ya mchimbaji wa kwanza.

Nafasi yenyewe ipo tayari. Wanafunzi hawa kila mwaka wanakwenda mafunzo kwa vitendo, na Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo hayo, kama ilivyo na fungu la mahitaji maalumu ya kitivo. Wengi huishia kwenye ofisi za mjini, wanapewa kompyuta na kurekebisha michoro ya watu wengine wiki baada ya wiki. Wengine hutumwa fotokopi. Nilitumwa mimi pia. Naomba wizara yako ikae na TAMISEMI, vyuo, na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ili msimu mmoja wa mafunzo hayo uwe wa darasa: wanafunzi wawili kwa shule moja, ikiwezekana katika wilaya walikotoka, chini ya mhandisi wa halmashauri na mbunifu aliyesajiliwa. Wapime kiwanja, waulize walimu jua linaingia wapi, wapendekeze mabadiliko machache yasiyozidi bajeti, kisha wabaki pale. Wabebe tofali. Wamshikie fundi pima maji.

Najua litakaloulizwa: mwanafunzi akikosea na fedha ya umma, nani atajibu? Atajibu yule yule anayejibu leo, maana saini ya mwanafunzi haitakuwa kwenye chochote. Kanuni za usalama na nguvu za nguzo hazichezewi. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka Machi 2013 na kuua watu 36 tunalikumbuka wote. Ndiyo maana nataka kijana aone nondo ikifungwa na zege likichanganywa akiwa bado na mwalimu wa kumuuliza. Akiona mara ya kwanza yeye akiwa ndiye msimamizi, hana tena wa kumuuliza bila aibu. Mimi nilibahatika kupata fundi muungwana. Si kila saiti ina mtu wa namna ile.

Jambo la lugha nalo, ingawa linastahili barua yake. Chuoni tunajifunza kila kitu kwa Kiingereza na michoro yetu tunaiandika kwa Kiingereza. Saiti kuna jamvi, kozi, kenchi, linta, lipu, mgongo wa tembo. Nilichukua karibu mwaka kujua kwamba fundi akisema "udongo" ana maana ya saruji na mchanga vilivyochanganywa tayari. Mwanafunzi aliyekaa msimu mmoja kwenye darasa la kijijini ataandika ramani ambayo mjenzi anaweza kuisoma, na mwenyekiti wa kamati ya shule anaweza kuiuliza maswali.

Mheshimiwa, Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Kijana wa miaka 16 anafundishwa uashi na anashika mwiko. Akifika chuo kikuu kusomea majengo, tunamnyang'anya mwiko tunampa kadibodi? Naomba hili litazamwe wakati mitaala ya vyuo inapopitiwa.

Sitaki uanze na nchi nzima. Anza na mikoa miwili yenye hali ya hewa tofauti, Tanga uwe mmojawapo, na chuo kimoja kitakachokubali. Kwa upande wangu nina chumba cha wageni, na wanafunzi wawili watalala na kula kwangu kwa msimu mzima bila malipo. Nitatoa siku zangu za Jumamosi kuwa nao saiti. Futi kamba, timazi na pima maji ninavyo. Yule fundi wa Muheza bado anajenga. Nimekwenda kumuuliza wiki iliyopita, na amesema walete, ila waje na viatu vya kazi, na wawe tayari kuanza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mbunifu majengo,
Tanga.

Nakala: Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – TAMISEMI, wakuu wa vyuo vinavyofundisha ubunifu majengo.